Baada ya kuanguka mkarafuu: uchoraji wa uhalisia kwa rangi za mafuta kama kazi ya pili

#1 Mchuma wa Zamani (mleta uzi)

Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo.

Watu kadhaa waliokwisha kuziona picha zangu wameniomba nieleze jinsi mchuma karafuu wa Pemba alivyoishia kuwa mchoraji wa rangi za mafuta. Nimekubali kwa sharti kwamba tuzungumze kazi kuliko ajali. Ajali yenyewe haina mengi. Mkarafuu uliokomaa hufika mita 10 hadi 15, matawi yake hukatika kwa wepesi hata yanapoonekana mazima, na sisi wachumaji tunalijua hilo tunapopanda na kamba na upembo. Nilianguka, uti wa mgongo ukaumia, miguu haikurudi. Mikono na macho vilibaki salama, alhamdulillah.

Ninachotaka kukisema ni kwamba kazi ya pili si pumbao la kumpoza mgonjwa. Wageni wengi waliokuja kunitazama walifurahi kuniona na penseli, wakasema ni vizuri nipate cha kunishughulisha, na sikuwalaumu kwa sababu walisema kwa mapenzi. Lakini uchoraji wa uhalisia, yaani ule wa kukiweka kitu kwenye kitambaa hadi mtazamaji aamini uzito wake na unyevu wake, ni ufundi wenye uanagenzi wake kama ulivyo useremala au uundaji wa majahazi, na anayeuingia kama mgonjwa anayejiliwaza hatafika mbali.

Kilichonisaidia ni kwamba sikuingia mikono mitupu. Mchumaji hufundishwa kusoma rangi tangu utotoni. Karafuu huchumwa wakati kikonyo kimeanza kuacha ukijani na kuelekea wekundu kabla petali hazijafunguka, na kati ya kishada kilicho tayari na kinachohitaji siku chache zaidi kuna tofauti ndogo ambayo mtu wa mjini hawezi kuiona hata ukimwonyesha kwa kidole. Kisha zinakuja siku za jamvini, ambapo karafuu mbichi hupoteza takriban theluthi mbili ya uzito wake, na rangi inapita hatua baada ya hatua mpaka bua linakuwa la kahawia iliyokolea huku kichwa kikibaki na rangi hafifu zaidi. Nilipoanza kuchanganya rangi niligundua kwamba macho yangu yalikuwa yakitenganisha kahawia tano mahali ambapo kitabu cha mafunzo kilinionyesha mbili. Mtu aliyeumia huhesabu alichopoteza, na ni haki yake. Mimi nashauri ahesabu pia alichojifunza katika kazi ya kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi ule haikuwa miguuni.

Basi hebu niseme picha moja inavyokwenda. Napanga karafuu kwenye kipande cha jamvi la ukili karibu na dirisha. Nachora kwanza kwa makaa, kisha napaka picha nzima kwa rangi moja ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini, giza na mwanga tu, bila kujali rangi halisi. Tabaka hili likishakauka ndipo rangi zinapoanza. Kivuli cha karafuu kwenye ukili, ukikitazama bila haraka, si cheusi wala si cha kijivu. Kina ubuluu, kwa kuwa sehemu ile isiyofikiwa na jua inaangazwa na mbingu. Weusi wa dukani nimeuacha kabisa. Ultramarini, ile buluu iliyokolea, ikichanganywa na umba iliyochomwa, kahawia ya udongo, hutoa giza lenye uhai, ambalo unaweza kulisogeza upande wa baridi au wa joto kwa kuongeza moja na kupunguza nyingine.

Dirisha nalo lina habari yake. Vitabu vya Ulaya vinamwamuru mchoraji atafute dirisha la kaskazini, kwa sababu kule kwao jua halipiti upande huo na mwanga haubadiliki kutwa. Pemba iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu la adhuhuri linapita kaskazini, kwa hiyo anayetii kitabu ataletewa jua mezani msimu mzima wa kusi. Dirisha langu linatazama kusini na lina kipenu kirefu. Miezi ya kaskazi jua hupita upande wa kusini lakini adhuhuri linakuwa juu mno, kipenu kinalizuia, na asubuhi au jioni linapoingia kwa mshazari nateremsha shuka jeupe.

Karibuni kwa maswali.

#2 Binti Wete

Wa alaykum salaam, ami yangu, na pole kwa yaliyopita. Naomba kuuliza kuhusu vifaa. Nimesikia rangi hizi haziuzwi kwetu, na kwamba joto na unyevu wa kisiwani huziharibu. Je, anayeanza aanze na nini bila kumaliza akiba ya nyumba nzima?

#3 Mchuma wa Zamani

Ahsante, mwanangu. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta utapewa kopo la rangi ya milango, na hilo si dogo, kwa kuwa rangi ya aina hiyo ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora juu ya hadibodi Dar es Salaam mwaka 1968, na wanafunzi wake wakaendelea nayo. Inang'aa, inakauka upesi, inafaa kwa mtindo ule. Kwa uhalisia haifai, kwa sababu mchoraji wa uhalisia anahitaji rangi inayobaki mbichi kwa muda wa kutosha kuyeyusha ukingo mmoja ndani ya mwingine. Rangi zetu ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta ya mbegu za kitani, zinakuja katika mirija, na kwa huku ni lazima kumwagiza mtu anayesafiri.

Usinunue kisanduku cha mirija ishirini. Nyeupe ya titani, njano ya udongo, sienna iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), umba iliyochomwa, ultramarini na nyekundu moja zinatosha kwa miaka. Brashi chache nzuri ni bora kuliko rundo la zinazomwaga nywele. Kitambaa cha kanvasi nimekiacha kwa picha ndogo, maana katika unyevu wetu kinalegea masika na misumari yake inapata kutu kwa chumvi ya hewa. Natumia hadibodi iliyopigwa msasa na kupakwa tabaka za praima pande zote mbili, ili isipinde.

Kuhusu joto, lazima kwanza kufahamu kwamba rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Maji hayapo ndani yake. Mafuta ya kitani hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa ngozi ngumu, na joto huharakisha jambo hilo, hivyo rangi uliyoichanganya asubuhi inaanza kunata kabla hujamaliza ulichokikusudia. Dawa yake tunayo wenyewe. Wachoraji wa nchi za mbali hununua kwa bei kubwa kichupa cha mafuta ya karafuu na kutia tone moja katika rangi ili ichelewe kukauka, kwa sababu yujenoli, kemikali iliyomo, huzuia ule unyonyaji wa oksijeni. Pale kiwandani Wawi, hapa Pemba, makonyo (vikonyo) ya karafuu zetu yanakamuliwa mafuta miaka yote, nasi hatukujua kwamba kuna mtu Ulaya anayafungia kwenye sanduku la rangi. Ninatia tone kwenye rangi ya kutwa, sizidishi, maana yakizidi tabaka linakuwa dhaifu na huenda lisigande sawasawa.

Kanuni nyingine isiyovunjwa ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache na la juu liwe na mengi. Ukigeuza, la juu litakauka mbele ya lililo chini yake, na baadaye picha itapasuka. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike pembeni, kwa sababu yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Loweka kwenye maji au yatandaze nje yakauke moja moja. Nyumba zetu nyingi zina makuti au mbao kavu, jambo hili si la kufanyia mzaha.

#4 Mtafuta Elimu

Shekhe wangu, nakuuliza kwa heshima na si kwa kukuvizia. Kuchora kwa uhalisia ndiko kunakokaribia zaidi lile ambalo wanazuoni wetu wengi wamelikataza, yaani kusawiri vyenye roho. Umelitatua vipi?

#5 Mchuma wa Zamani

Swali lako ni la haki na nililiuliza mwenyewe kabla sijanunua mrija wa kwanza. Niliyesoma kwake alinikumbusha maneno yanayopokewa kutoka kwa Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, alipojiwa na mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kutengeneza picha. Alimnasihi kwamba ikiwa hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Najua kuna wanazuoni wenye mtazamo mwingine juu ya picha bapa, na sitawasemea. Mimi nimelichukua lile kama mpaka wa kazi yangu, nami simhukumu anayechora nyuso.

Na mpaka huo haukunipunguzia kitu. Waholanzi wa karne ya 17, akina Pieter Claesz na Willem Heda wa mji wa Haarlem, walitumia umri wao kuchora meza, yaani mkate, bilauri, ndimu iliyomenywa nusu na ganda lake likining'inia. Claesz aliwahi kuweka mezani pilipili manga ikimwagika kutoka katika karatasi iliyosokotwa, vilevile inavyouzwa Darajani hadi leo. Viungo vile vilikuwa fahari ya wafanyabiashara wao, wakati huo kampuni yao ya biashara ikihodhi karafuu za Maluku, visiwa vya Indonesia ya leo. Ninapochora karafuu najua kwamba walizila na kuzichora watu ambao hawakupata kuuona mkarafuu. Mimi nimeuona kwa karibu kuliko nilivyotaka.

#6 Mwenye Duka, Mji Mkongwe

Ndugu mleta uzi, mimi nauza picha na nimewahi kuiona kazi yako, ni safi sana. Lakini tuseme kweli. Mtalii anayetoka Ngome Kongwe kwenda Forodhani hana muda, anapita maduka yaliyojaa Tingatinga zenye rangi kali, na karafuu zako za kahawia hazimwiti kutoka mlangoni. Kinachomsimamisha ni habari. Ukiweka karatasi chini ya picha ikaeleza kwamba mchoraji alianguka mkarafuu huo huo anaouchora, ataingia, na bei haitabishaniwa. Frida Kahlo wa Meksiko aliumizwa na ajali ya basi mwaka 1925, akaanza kuchora akiwa kitandani kwa msaada wa kioo, na leo dunia nzima inaijua ajali ile kama inavyozijua picha. Kuna ubaya gani?

#7 Mchuma wa Zamani

Kaka, kwanza nakushukuru kwa kusema waziwazi, maana wengine wamefanya hivyo bila kuniuliza. Kuna duka, silitaji, lililobandika karatasi ya namna hiyo chini ya picha yangu, na picha ikauzwa siku chache baadaye kwa bei iliyo juu ya niliyoomba. Wenzangu walinipongeza. Mimi niliomba zilizobaki zirudishwe.

Kahlo aliufanya mwili wake kuwa mada. Maumivu, vyuma na vitanda vimo ndani ya picha zenyewe kwa hiari yake, na yeye ndiye aliyeamua nini kionekane. Karatasi ya dukani ni jambo jingine, inamfanya mnunuzi atoe sadaka huku akidhani ananunua picha, na mimi kwa sadaka sihitaji kusaga akili juu ya ubuluu wa kivuli. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alikuwa karani wa sheria, akaugua kidole tumbo mwaka 1890 akiwa na miaka 20, na mama yake akamletea kisanduku cha rangi ili apitishe muda akiuguza. Hapo ndipo alipoanza. Sidhani kuna anayesimama mbele ya picha za Matisse akaulizia kidole tumbo.

Zaidi ya hapo kuna hasara ya kifundi, na hii ndiyo inayoniogopesha. Picha ikisifiwa kabla haijatazamwa, mchoraji hapati kujua ilipokosea. Katika mwaka wangu wa mwanzo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia kwamba mwanga wa bilauri haukulingana na wa meza, kwa kuwa kila aliyeingia chumbani aliona kiti cha magurudumu mbele ya picha. Aliyenifaa ni mwalimu mmoja mstaafu ambaye alisimama kimya, akasema duara la bakuli limepotoka upande wa kushoto, akaomba chai. Ningelipata watu kama yeye wengi zaidi ningefika nilipo upesi zaidi.

Kuhusu biashara nakupa haki yako kwa nusu. Ni kweli kahawia haiiti kutoka mlangoni. Basi tuitundike ndani, mahali penye mwanga wa upande mmoja, mbali na rangi kali, na umwache mtu ailetee macho yake. Watakaosimama watakuwa wachache. Karatasi iandike jina la kitu, ukubwa, na kwamba ni rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Ukikubali hivyo, boti ya wiki hii ina mzigo wangu.

#8 Mwenye Duka, Mji Mkongwe

Nimekubali kwa majaribio ya msimu mmoja. Bado naamini unajinyima fedha.

#9 Seremala Aliyekatwa

Mimi nilikuwa mchonga milango, msumeno ukanichukulia vidole viwili na sehemu ya gumba la mkono wa kulia. Nimesoma uzi huu mara mbili. Wewe, bwana, mikono yako ilibaki. Je, mwenye mkono ulioharibika naye ana nafasi, au nijitafutie jambo jingine? Na wewe unafanyaje kazi ukiwa umekaa, wakati kila ninakosoma naambiwa mchoraji lazima asimame na kurudi nyuma?

#10 Mchuma wa Zamani

Pole sana, fundi. Sitakudanganya kwamba ni sawa tu. Lakini brashi haihitaji nguvu ya patasi. Chuck Close wa Marekani alikuwa tayari mashuhuri kwa nyuso kubwa zilizoonekana kama picha za kamera pale mshipa wa uti wa mgongo ulipoharibika na kumpoozesha mwaka 1988. Alirudi kazini na brashi iliyofungwa kwenye mkono, na namna yake ya kuchora ikabadilika, lakini hakuacha kuwa mchoraji. Wewe unenepeshe mpini kwa kuuzungushia kitambaa au mpira wa baiskeli mpaka ushikike kwa kiganja, uegemeze kifundo cha mkono kwenye fimbo ndefu iliyolazwa mbele ya picha, kama walivyofanya mafundi wa zamani waliokuwa na vidole vyote, na uujaribu pia mkono wa kushoto. Jicho lako la seremala linajua mstari ulionyooka na pembe mraba, na hilo ndilo linalowashinda wengi.

Kuhusu kurudi nyuma, sababu yake ni kwamba makosa ya uwiano hayaonekani kwa karibu. Nimetundika kioo kikubwa ukutani nyuma yangu. Nikigeuza shingo naiona picha ndani ya kioo kwa umbali ulioongezeka maradufu, na tena ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, kwa hiyo kila lililopotoka linajitokeza kama la mgeni. Kwa picha ndogo natumia kioo cha mkononi. Anayesimama angefaidika nacho pia.

Kukaa kunabadilisha picha yenyewe. Upeo wa macho unashuka, meza inaonekana kwa ubavu zaidi na kwa uso kidogo, na bakuli linakuwa na duara jembamba. Mwanzoni nilizishusha meza zangu ili zifanane na za vitabuni. Sasa naziacha zilipo. Hivyo ndivyo vitu vinavyoonekana na kila mtu aliyeketi barazani, na sioni kwa nini nichore kwa macho ya mtu aliyesimama.

Jambo moja zaidi, na ulisikie pamoja na wengine waliokaa kwenye viti kama changu. Kazi hii inameza saa. Mtu asiyehisi sehemu ya chini ya mwili anaweza kuchora kutoka adhuhuri hadi alasiri bila kusogea, na kidonda cha mgandamizo kinaanza bila maumivu yoyote ya kumwonya. Simu yangu inalia kila baada ya dakika 20, naweka brashi, najiinua kwa mikono na kuegemea upande mmoja kisha wa pili, halafu narudi. Hakuna picha iliyokamilika mapema kwa kupuuza mlio ule, na ninamjua aliyelazwa miezi kwa kuupuuza.

#11 Binti Wete

Ami, mdogo wangu yuko kidato cha pili, hana ulemavu wowote, anapenda kuchora katuni na anataka kuja kwako kujifunza rangi. Utampokea? Na ile picha ya bakuli niliyoinunua, niipake vanishi lini?

#12 Mchuma wa Zamani

Vanishi iache kwanza. Rangi inagusika ikiwa kavu mapema, lakini ndani bado inaendelea kukaza. Subiri isipungue miezi sita, na pale ilipopakwa nene usubiri mwaka. Kwa sasa iweke mbali na jiko na ukuta wenye ukungu, na uifute kwa brashi laini tu, bila maji.

Mdogo wako namkaribisha likizo ijayo. Aje na penseli, karatasi na kifutio, na asinunue rangi. Nitampa yai jeupe juu ya kitambaa cheupe alichore kwa penseli mpaka lisimame, na katuni zake aendelee nazo nyumbani kwa sababu sizifahamu hata kidogo.